Nic Jones: Lori Lilichukua Mikono, Mkataba Ukachukua Santuri

Usiku wa tarehe 26 Februari 1982, Nic Jones alimaliza kuimba katika klabu ya muziki wa jadi ya Glossop, mji mdogo wa Derbyshire, akapakia gitaa lake garini na kushika njia ya kurudi nyumbani. Alikuwa na miaka 35. Karibu na Whittlesey, jirani na Peterborough, lori lilikuwa likitoka kiwanda cha matofali na kuingia barabarani, na gari lake likaligonga. Mifupa ilivunjika sehemu nyingi, na ubongo ukaumia. Alilala wiki sita bila fahamu, na kwa jumla alikaa hospitalini kiasi cha miezi minane. Alipotoka, mikono haikuweza tena kupiga gitaa kwa namna ile iliyomjenga jina.

Wengi wanaosimulia habari zake huishia hapo: kipaji kikubwa, ajali, kimya cha miaka. Naona masimulizi hayo yanaacha nusu ya kisa. Ajali inaeleza kwa nini Nic Jones hakupanda jukwaani kwa miaka mingi. Haielezi kwa nini santuri nne kati ya tano alizokwisha kurekodi kwa jina lake zilikuwa adimu kwa muda wa kizazi kizima, hata kwa mtu mwenye hela mkononi na hamu ya kununua. Hilo lina sababu yake, na sababu hiyo haikutokea barabarani.

Alizaliwa tarehe 9 Januari 1947 huko Orpington, Kent, na familia ikahamia Brentwood, Essex. Hakurithi nyimbo kutoka kwa babu mkulima wala bibi mwimbaji. Alishika gitaa akiwa bado kijana mdogo, na waliomvutia walikuwa The Shadows, Duane Eddy, Chet Atkins, Ray Charles, na mpiga jazi Wes Montgomery. Jambo hili lina uzito katika kisa chetu, kwa sababu alipofika kwenye nyimbo za jadi za Uingereza alikuwa tayari mpigaji, mwenye sikio lililozoea besi inayotembea na mapigo yanayosukuma wimbo mbele. Aliyemwingiza ni Nigel Paterson, rafiki yake wa shule, aliyekuwa katika kundi lililoitwa The Halliard. Mwenzao mmoja alipoondoka, Jones akaitwa kujaza nafasi.

Ndani ya The Halliard alijifunza fidla, na alijifunza pia kazi ambayo mashabiki huiona mara chache: kupekua. Yeye, Paterson na Dave Moran walikuwa wakitafuta maneno ya nyimbo kwenye zile karatasi zilizokuwa zikichapwa na kuuzwa mitaani kwa bei ndogo karne zilizopita. Nyingi zilikuwa na maneno tu, muziki haukuandikwa. Kwa hiyo walitunga tuni wao wenyewe. Wimbo wa “Boys of Bedlam” ni mmojawapo. Maneno ni ya kale sana, lakini tuni ni ya Jones na Moran, vijana wa miaka ya 1960. Kundi la Steeleye Span likaichukua, ikaenea, na msikilizaji asiyejua historia yake hana sababu ya kudhani kwamba tuni na maneno havikuzaliwa pamoja.

Kundi lilivunjika mwaka 1968. Mwaka huohuo Jones alimwoa Julia, akaanza kuishi kwa kuimba peke yake.

Hapa inafaa kueleza maisha hayo yalikuwaje, kwa sababu ndiyo yaliyomfikisha kwenye barabara ile ya Whittlesey. Klabu za muziki wa jadi za Uingereza, katika miaka ya 1960 na 1970, zilikuwa mara nyingi ni chumba cha juu au cha nyuma ya baa, siku moja kwa wiki. Hakuna pazia wala taa za rangi, mara nyingi hata vipaza sauti hakuna. Wenyeji wenye kujisikia kuimba hutangulia, mgeni wa siku hiyo hufuata, na kwenye kiitikio chumba kizima hupokea. Malipo hutoka kwenye kiingilio kinachokusanywa mlangoni. Hakuna meneja wa safari, hakuna dereva. Msanii anaendesha mwenyewe kutoka mji hadi mji, anaimba saa mbili, kisha ama anapewa godoro nyumbani kwa mwandalizi, ama anarudi kwake usiku huohuo akiwa amechoka. Watu huizungumzia ajali ya Jones kama mkosi uliotoka mbinguni. Kwa kiasi ni kweli. Lakini mtu anayeendesha gari usiku baada ya kazi, wiki baada ya wiki, kwa miaka 14, anabeba hatari ambayo mfumo mzima wa klabu zile uliiegemea bila kuilipia. Mziki wote ule mzuri uliojaza vyumba vya juu ya baa ulisafirishwa na watu waliokuwa nusu usingizini.

Santuri zake za kwanza zilitolewa na Trailer, kampuni ya Bill Leader. Leader alikuwa mrekodi mwenye sikio la ajabu, mtu ambaye angeweza kukurekodi sebuleni na kazi ikatoka safi. “Ballads and Songs” ilitoka 1970, na iliyofuata, yenye jina lake tu, 1971. Kisha kimya cha miaka sita. Hakuwa amelala: alizunguka klabuni, akampigia gitaa mwimbaji June Tabor kwenye santuri yake ya 1976, na baadaye akaungana na Pete na Chris Coe pamoja na Tony Rose katika kundi la Bandoggs, lililotoa santuri moja mwaka 1978. Trailer ilitoa “The Noah's Ark Trap” mwaka 1977, na mwaka uliofuata ikaja “From the Devil to a Stranger”.

Ukizisikiliza kwa mpangilio huo unamsikia mtu akibadilika. Kwenye santuri ya kwanza anaimba masimulizi marefu kama “Sir Patrick Spens” na “Little Musgrave” kwa heshima nyingi, na athari ya Martin Carthy, mwimbaji na mpiga gitaa wa nyimbo za jadi, iko wazi. Kufikia 1977 heshima imepungua, na hilo nalisema kama sifa. Anakata beti, anabadili maneno, anahamisha tuni, anatunga mpya pale ya zamani inapomchosha. Dalili zilikuwapo tangu santuri ya kwanza: “Annan Water”, habari ya mpanda farasi anayetaka kuvuka mto uliofurika ili amfikie mpenzi wake na akazama, alikwisha kuipa sura yake mwenyewe. Wimbo huo sasa unaimbwa na vijana wanaouita wa jadi, nao ni wa jadi kweli, kwa maana ya kwamba umepokelewa.

Sasa gitaa. Hili ndilo lililokuwa likiwaacha wapigaji wenzake wakitazama mikono yake badala ya uso.

Jones hakutumia tyuni ya kawaida, yaani namna iliyozoeleka ya kukaza nyuzi, mara nyingi. Alilegeza nyuzi, nyingine nusu, nyingine zaidi, mpaka gitaa likipigwa tupu bila kubanwa popote linatoa sauti zinazokubaliana zenyewe. Faida yake ni kwamba nyuzi nene zinaendelea kuvuma chini wakati vidole vinatafuta tuni juu. Gumba la kulia linatembeza besi, vidole vingine vinachuma tuni. Hadi hapo wapo wengi wanaofanya hivyo. Kilichomtofautisha ni pigo. Kati ya noti na noti, mkono wa kulia ulishuka juu ya nyuzi, ukizizima na kuzigonga kwa wakati mmoja, ukatoa mlio mkavu kama wa ngoma ndogo. Pigo hilo liliangukia pale ambapo mpiga ngoma angeligonga, tena bila kuikatiza tuni. Kwa hiyo unasikia besi, tuni na ngoma, halafu juu yake sauti ya mtu anayeimba hadithi bila kukaza koo, kwa lafudhi yake ya Essex, kana kwamba mikono si yake.

Chukua “Canadee-i-o”, wimbo unaofungua santuri yake ya tano. Gitaa linaanza peke yake. Nyuzi zimelegezwa hata nene zaidi inatoa mlio mzito wa kina, na pigo lile kavu linaanza karibu mara moja, likiyumbisha mwendo kama chombo kilichokwisha kuacha bandari. Kisha sauti inaingia na kisa: msichana anataka kumfuata mpenzi wake baharini, anavaa nguo za kibaharia, mabaharia wanakasirika na kutaka kumtosa, nahodha anamwokoa. Mwishoni anayemwoa ni nahodha. Jones haigizi hofu ya msichana wala hasira ya mabaharia. Gitaa ndilo linaloongeza na kupunguza kasi ya moyo, na yeye anatoa habari. Nimewachezea wimbo huu watu wasiojua Kiingereza cha kutosha kufuata maneno, na walichouliza kwanza ni wapigaji walikuwa wangapi.

Santuri hiyo ni “Penguin Eggs”, iliyotolewa na Topic Records mwaka 1980, mtayarishaji akiwa Tony Engle. Ina nyimbo tisa tu. Tony Hall anapiga kinanda cha kifuani, Bridget Danby filimbi, Dave Burland anaitikia, lakini vyote hivyo vimekaa pembeni na gitaa liko katikati. Mbili kati ya nyimbo hizo ni za Harry Robertson, Mskoti aliyewahi kufanya kazi na wavuvi wa nyangumi kabla ya kuhamia Australia. “The Little Pot Stove” inahusu wafanyakazi waliokaa majira ya baridi kwenye kisiwa cha South Georgia, mbali kusini mwa Atlantiki, na jiko lao dogo la kupashia joto. “Farewell to the Gold” ni ya Paul Metsers wa New Zealand, kuhusu mchimba dhahabu aliyekosa. Kuchanganya nyimbo za watu walio hai na zile zilizotoka kwenye karatasi za kale, bila msikilizaji kuona mshono, kulihitaji mtu aliyekwisha kuacha kuziogopa za kale.

Jarida la Melody Maker liliichagua kuwa santuri bora ya mwaka ya muziki wa jadi. Mwaka 2001, wasikilizaji wa kipindi cha Mike Harding cha BBC Radio 2 waliipa nafasi ya pili kati ya santuri bora za aina hiyo za nyakati zote. Huko Kanada jarida moja la muziki lilijipa jina la santuri hii.

Kati ya 1982 na 2001 mwenyewe alikuwa nyumbani, akijifunza upya kutembea na kushika vitu. Na ni katika kipindi hicho ndipo ule upande wa pili wa kisa unapoonekana.

Mtu aliyempenda Jones kupitia “Penguin Eggs” mwaka 1990 angetaka nini? Angetaka zile nne za mwanzo. Asingezipata. Bill Leader aliuza kampuni zake, na kanda pamoja na haki zikapitia mikono mingine. Mwenye haki mpya hakuzitoa tena ipasavyo. Katika mikataba ya aina ile ya miaka ya 1970, msanii alikabidhi rekodi, na mkataba ulieleza nini atalipwa zikiuzwa. Nini kitatokea zisipouzwa, hilo kwa kawaida halikuandikwa. Kampuni ilikuwa na haki ya kuuza, na ndani ya haki ya kuuza mlijificha haki ya kutouza. Msanii mzima wa mwili angejitetea: angeenda studio nyingine akaziimba upya nyimbo zake, au angeuza kanda mwenyewe mlangoni baada ya onyesho. Nic Jones hakuwa na njia hizo. Zile rekodi zilikuwa ndizo mikono yake iliyobaki duniani, na zilikuwa zimefungiwa.

Sisemi kwamba kuna mtu alikaa akapanga kumdhulumu. Ubaya wa mkataba wa namna hiyo ni kwamba hauhitaji nia mbaya. Unahitaji tu mtu asifanye kitu.

Waliofanya kitu ni familia na wale wasikilizaji wa klabuni. Wakati Jones akizunguka nchi, wapo waliokuwa wakiweka kinasa sauti cha kaseti juu ya meza, kati ya glasi za bia, na kurekodi. Redio nazo zilikuwa na kanda zake. Julia Jones na marafiki walikusanya rekodi hizo, wakazichambua, wakaanzisha lebo ndogo iitwayo Mollie Music, na mwaka 1998 wakatoa “In Search of Nic Jones”. Mwaka 2001 wakaongeza “Unearthed”. Topic nao wakatoa “Game Set Match” mwaka 2006, nayo ni ya rekodi za jukwaani. Ubora wa sauti unapanda na kushuka, kuna vikohozi na kuna glasi zinazogongana, lakini anasikika akicheka na watu kati ya wimbo na wimbo, jambo ambalo santuri za studio hazikulibeba. Kurekodi bila ruhusa ni kosa, wasanii wengi hulilalamikia, na wana haki. Katika kisa hiki, kosa hilo dogo la watu wengi ndilo lililoifikia sauti yake ya miaka ya 1970 pale ambapo njia halali ilikuwa imezibwa.

Wapo pia waliochukua na hawakusema wamechukua wapi. Mwaka 1992 Bob Dylan alitoa “Good as I Been to You”, na ndani yake kuna “Canadee-i-o” ambayo inafanana mno na ile ya Jones. Kwenye jalada mpangilio wa nyimbo umeandikwa kuwa wa Dylan mwenyewe. Wimbo wa jadi hauna mwenyewe, hilo halina ubishi. Mpangilio una mwenyewe, na sheria ya hakimiliki inautambua: anayechagua beti, kunyoosha tuni na kuipa mwendo amefanya kazi inayostahili malipo. Najua hoja ya upande wa pili, kwamba Jones mwenyewe alichukua kwa wengine na kwamba ndivyo nyimbo hizi zinavyoishi. Naikubali kuhusu kuimba. Siikubali kuhusu jina kwenye jalada. Kumtaja Jones kusingemgharimu Dylan chochote cha maana, na kwa mtu ambaye miaka kumi hakuwa amepata hata onyesho moja, mstari ule ungekuwa na uzito. Kate Rusby, mwimbaji wa Yorkshire, alirekodi “Annan Water” na “Drowned Lovers” katika miaka ya 1990 akiwa kijana, na wasikilizaji wake walijua wimbo umetoka wapi. Inawezekana basi.

Tarehe 5 Agosti 2010, kwenye tamasha la Sidmouth huko Devon, wanamuziki waliandaa onyesho la kumuenzi. Jones akapanda jukwaani akaimba, mara yake ya kwanza hadharani tangu 1982. Mwaka 2012 alitokea kwenye matamasha kadhaa, Cambridge likiwemo, Belinda O'Hooley akipiga piano na gitaa likiwa mikononi mwa Joseph, mwanawe. Kuna jambo hapa ambalo napenda watu walisikilize kwa makini. Joseph anazipiga tyuni za baba yake na pigo lile kavu liko mahali pake, lakini sauti ya baba si ile ya 1980. Imezeeka, imekuwa nzito, na pumzi ni fupi zaidi. Hakujaribu kuirudisha ya zamani. Aliimba na nyimbo alizotunga mwenyewe baada ya ajali, zisizohusu wachimba dhahabu wala mabaharia. Waliokuja kutafuta mzimu wa “Penguin Eggs” walikuta mzee mchangamfu mwenye mambo yake ya kusema. Januari 2013, huko Glasgow, BBC Radio 2 ikampa tuzo ya mwimbaji bora wa mwaka wa muziki wa jadi. Nadhani walimpa kwa haki, si kwa huruma.

Mwaka huohuo, tarehe 1 Novemba, Uingereza iliingiza kwenye sheria zake agizo la Umoja wa Ulaya la 2011 lililorefusha ulinzi wa rekodi za sauti kutoka miaka 50 hadi 70. Makampuni makubwa ndiyo yaliyolipigia debe, lakini ndani yake kuna kipengele kinachogusa hasa watu kama Jones. Miaka 50 ikishapita tangu rekodi itolewe, kama kampuni haiuzi nakala za kutosha au haijaiweka mtandaoni, msanii anaweza kuipa notisi. Ikipita miezi 12 bila kampuni kufanya yote mawili, mkataba unavunjwa na haki inarudi kwa aliyeimba.

Ni kipengele kizuri kilichowekwa mbali mno. Kwa “Ballads and Songs” ya 1970 saa ilifika mwishoni mwa 2020. Kwa “The Noah's Ark Trap”, ambayo mimi naiona ndiyo bora kati ya zile nne, ni mwishoni mwa 2027, mwaka ambao mtu aliyezaliwa Januari 1947 hutimiza miaka 80. Miaka mitano ya kutouza ingetosha kabisa kuwa kipimo. Kampuni iliyokaa na rekodi miaka mitano bila kuitoa imekwisha kusema kwa vitendo kwamba haina haja nayo. Kama kanuni hiyo ingekuwepo alipotoka hospitalini, Julia angeweza kuziomba kanda zile kabla ya muongo kwisha, na mauzo yake yangeingia nyumbani katika miaka ile ambayo mume wake hakuwa na namna nyingine ya kupata riziki kwa muziki.